Hamna si hakuna

Chipu ya tatu ilitoa sifuri.

Ilikuwa saa nne usiku, na maabara nzima nimebaki mimi na mngurumo wa majokofu. Kwenye skrini vitone elfu kumi na tano hivi vilikuwa vimejipanga kama mchanga, kila kimoja nukta. Ile kona ya juu, ambako vitone vilivyobeba jeni iliyobadilika hujitenga na kung'aa, ilikuwa tupu. Chipu ya kwanza ilinipa viwili. Ya pili vitatu. Ya nne kimoja. Zote nne nilizijaza kutoka kijichupa kimoja, kwa pipeti moja, kwa mkono huu huu, ndani ya dakika kumi.

Na nilijua kilichomo, kwa sababu nilikiweka mwenyewe.

Nikafungua daftari nikaandika: "Chipu 3, hakuna." Kalamu ikagoma kuendelea. Neno hilo hilo nilikuwa nimelitamka wiki tatu nyuma, mbele ya shangazi yangu, na tangu siku hiyo lilikuwa halijanitoka.

## Nilichomwambia shangazi

Shangazi anaugua saratani ya mapafu. Vidonge vyake vya kwanza, vile vinavyozuia protini ya jeni ya EGFR, vilimpa nafuu ya zaidi ya mwaka, kisha uvimbe ukaanza kukua tena. Waliopita njia hii wanalijua swali linalofuata: je, T790M imejitokeza? Ni herufi moja tu ya DNA, C iliyogeuka kuwa T. Kwa herufi hiyo, asidi amino ya 790 katika protini inakuwa methionini badala ya threonini, na dawa ya zamani inapoteza nguvu. Karibu nusu ya wagonjwa walioachwa mkono na dawa za kizazi cha kwanza hukutwa nayo. Ikipatikana, ipo dawa inayoilenga, osimertinibu.

Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaomba ipatikane.

Karatasi ya majibu ya damu ilirudi imeandikwa "haijagunduliwa". Shangazi akanikabidhi, mimi mtoto wa kaka yake ninayeshinda na mashine za namna hiyo. "Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema hakuna, shangazi."

Daktari alishauri kichukuliwe kipande cha uvimbe wenyewe, kwa sindano ya kifuani. Ndivyo miongozo inavyotaka: damu ikishindwa kuonyesha T790M, itafutwe kwenye nyama ya uvimbe kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Shangazi alikataa. Alisema maneno ambayo nimeyabeba wiki zote hizi.

"Wanitoboe kifua kutafuta kitu ambacho wewe umeniambia hakuna?"

Sikujibu. Nilidhani amechoka, na aliyechoka ana haki ya kukataa. Sikuona kwamba aliyefunga mlango ule ni mimi.

## Kwa nini tunayakata maji

Nieleze kidogo kinachotokea ndani ya chipu, maana shaka yangu yote inaanzia humo.

Ukiwa na nakala moja ya jeni iliyobadilika kati ya nakala elfu moja za kawaida, na zote zimo katika kijichupa kimoja, PCR, mbinu ya kunakili DNA kwa mizunguko ya kupasha na kupoza, itazizidisha zote pamoja. Ile moja itazaa, lakini majirani zake 999 watazaa vilevile. Mwisho wa mizunguko 40 bado ni moja kwa elfu, na mwanga wake umezama katika mwanga wa wenzake.

Mwaka 1999 watafiti wa saratani Bert Vogelstein na Kenneth Kinzler walipendekeza njia ambayo hadi leo inanifurahisha kwa urahisi wake: usiongeze ukali wa macho, punguza umati. Gawa sampuli katika vishimo vingi hadi kila kimoja kiwe na molekuli moja au kisiwe nayo kabisa, halafu ukiulize kila kishimo swali la ndiyo au hapana. Molekuli iliyokuwa moja kati ya elfu sasa imekaa peke yake chumbani.

Ila vishimo vya sahani za maabara ni vichache na ni vikubwa. Hapo ndipo mifereji yetu inapoingia.

Chipu yangu ni kipande cha mpira wa silikoni kilichobanwa juu ya kioo. Ndani yake kuna mifereji yenye upana wa unywele. Maji yenye DNA yanakuja katikati, mafuta yanakuja kutoka pande mbili, na vyote vinakutana kwenye shingo moja nyembamba. Mafuta yanayabana maji hadi yanakatika. Kitone. Kitone kingine. Kingine. Maikrolita 20 zinakuwa vitone karibu 20,000, kila kimoja na ujazo wa nanolita 0.85 (nanolita ni sehemu ya elfu ya maikrolita), upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita.

Wageni wakiingia maabara hushangazwa na udogo. Mimi kinachonishangaza ni utulivu. Katika bomba la kawaida, maji huanza kuvurugika namba ya Reynolds, kipimo cha nguvu ya mwendo wa maji dhidi ya unato wake, inapozidi 2,000 hivi. Katika mifereji yetu haifiki hata 100. Hakuna kimbunga wala mzunguko, maji yanakwenda kwa tabaka kama kurasa za kitabu zinazoteleza. Ndiyo maana kila mbano hufanana na uliotangulia, na kila kitone hulingana na ndugu yake. Vitone visipolingana, kuhesabu hakuna maana, kwa sababu kikubwa kina nafasi zaidi ya kubahatisha molekuli kuliko kidogo.

Kisha vitone vinapashwa na kupozwa, vinapashwa na kupozwa. Ndani yake vimo vipande vifupi vya DNA vyenye rangi, kimoja kinachoshika herufi ya kawaida, kingine kinachoshika iliyogeuka. Mwishoni vinapita kimoja kimoja mbele ya leza. Rangi ya kwanza, rangi ya pili, zote mbili, au giza.

Giza ndilo jibu la vitone vingi.

## Niliilaumu chipu

Usiku ule sikufikiria hesabu. Nilifikiria kosa.

Kwanza niliwaza kiputo. Kiputo kimoja cha hewa katika mfereji mwembamba kinatosha kuziba njia, na kikipashwa moto hadi nyuzi 95 kinavimba. Nikaiweka chipu chini ya hadubini, nikatambaa nayo mfereji kwa mfereji. Safi.

Kisha nikawaza kuta. Katika mfereji mwembamba, kila tone la maji liko karibu na ukuta kuliko lingekuwa ndani ya kijichupa, na kimeng'enya kinachonakili DNA hupenda kunata ukutani. Kikinata, vitone havizalishi kitu. Lakini vitone vyenye jeni ya kawaida vilikuwa vimeng'aa vizuri tu. Kimeng'enya kilifanya kazi yake.

Nikawaza mpira wenyewe, kwa sababu ule mpira hupitisha mvuke na maji huweza kukauka kidogo kidogo. Vitone havikuwa vimenywea. Nikawaza mafuta na sabuni iliyomo, ile inayozuia vitone visiungane. Havikuungana.

Nikabaki na mtuhumiwa mmoja, mkono wangu, na huo nao ulikuwa umejaza chipu tatu nyingine bila tatizo.

Niliitupa chipu ya tatu. Ninalikiri hili kwa uzito, kwa sababu ndivyo data njema hupotea: tunatupa jibu tusilolipenda, tukiliita kosa la kifaa.

## Ishirini

Wiki iliyofuata sikuweza kulala vizuri. Nikaamua kurudia jambo lile lile mara 20. Kijichupa kimoja kikubwa, chipu 20, siku mbili.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Seti moja ya jenomu ya binadamu, yaani nakala moja ya DNA yake yote, ina uzito wa pikogramu 3.3. Kila chipu niliipa nanogramu 10 za DNA, yaani pikogramu 10,000, takriban nakala 3,000. Jeni iliyobadilika niliichanganya kwa uwiano wa moja kwa elfu. Basi kila chipu ipate nakala tatu.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. "Kila chipu ipate tatu." Molekuli hazigawiwi kama sahani za chakula. Zimetapakaa kijichupani kama samaki ziwani, na pipeti ni ndoo. Ukichota mara 20, wastani utakuwa tatu, lakini ndoo moja itatoka na tano, nyingine na moja, na nyingine itatoka na maji matupu. Mwaka 1837 mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson aliandika hesabu ya jambo hili akiwa anashughulikia uwezekano wa mahakama kukosea hukumu. Ukitegemea tatu, sifuri hutokea karibu mara 5 katika kila 100. Mara moja katika 20.

Niliiona namba hiyo nikashusha pumzi. Chipu ya tatu haikuwa mbovu. Ilichota maji matupu.

Halafu matokeo yakaja, na pumzi ikarudi juu.

Sifuri zilikuwa tatu, si moja. Tatu katika 20 ningeweza kuiita bahati mbaya, inatokea. Jumla ndiyo iliyonikatalia. Chipu 20 zenye nakala tatu zingenipa vitone 60 vilivyobadilika, kasoro vichache au zaidi vichache. Nilihesabu 37.

Vitone 23 vilikwenda wapi?

Siku mbili nililitafuta jibu kwenye kemia, na lilikuwa kwenye mabomba. Vitone 20,000 vya nanolita 0.85 ni maikrolita 17. Mimi nilijaza 20. Maikrolita tatu zilibaki kwenye mdomo wa chipu na kwenye mirija, hazikuwahi kukatwa. Na katika vitone 20,000, kisomaji hukubali kama 15,000. Vilivyobaki hupasuka njiani, hugandamana au hupita vibaya mbele ya leza, vikakataliwa. Vitone 15,000 ni maikrolita 12.75.

Zaidi ya theluthi ya sampuli haikuwahi kuulizwa swali.

Punguza nakala tatu kwa kiasi hicho, unabaki na 1.9. Mara 20, ni 38. Nilihesabu 37. Na mwenye kutegemea 1.9 hukutana na sifuri karibu mara 15 katika 100, yaani mara tatu katika 20.

Nilikaa kitini muda mrefu. Kifaa hakikuwa kimesema uongo hata mara moja. Kilikuwa kimenijibu juu ya maji kiliyoyasoma, nami nikayaandika majibu hayo kana kwamba ni ya kijichupa kizima.

## Ukali una gharama yake

Kuna jambo linalozidisha ugumu, nalo sikulitilia maanani hadi mwenzangu wa zamu aliponikumbusha. Polimerasi, kile kimeng'enya kinachonakili DNA, hukosea. Moto nao huharibu DNA, herufi C hupoteza kipande chake na kusomwa kama T. Kwa T790M, ambayo ni C kuwa T, kosa hilo linavaa sura ya kitu kile kile tunachokitafuta. Kwa hiyo kitone kimoja kikiwaka peke yake, maabara nyingi hazitangazi. Husubiri viwili, au vitatu.

Ni busara. Kumpa mtu dawa isiyomfaa kwa ajili ya kitone kimoja cha uongo si jambo dogo.

Lakini hebu tazama bei yake. Kama sampuli ina wastani wa nakala tatu zinazosomwa na wewe unadai uone angalau mbili, utaikosa mara 20 katika 100. Ukidai tatu, utaikosa mara 42. Karibu nusu ya majibu yako yatakuwa "haijagunduliwa" kwa sampuli ambayo imebeba kitu hicho.

## Tone linatosha kwa swali gani

Tangu mwanakemia Andreas Manz na wenzake walipopendekeza mwaka 1990 kwamba maabara nzima inaweza kukunjwa ndani ya kifaa kidogo, sifa kuu ya mifereji hii imekuwa kwamba inahitaji sampuli ndogo. Tone la damu tu. Nami nimeisema sifa hiyo mbele ya wageni, tena kwa fahari.

Siku hizi kwanza nauliza: tone, kwa swali lipi?

Chukua selimundu. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ni ugonjwa wa molekuli, na baadaye ikajulikana kwamba ni herufi moja, A iliyogeuka T katika jeni ya beta-globini. Mtoto anazaliwa nayo, ipo katika kila seli yenye kiini. Maikrolita moja ya damu, tone lenye upana wa milimita moja hivi, ina seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000. Maelfu ya mashahidi, wote wanasema neno moja. Hapo tone linatosha na kusaza, na chipu ikisema hakuna, na kazi imefanywa vizuri, hakuna.

Sasa chukua uvimbe wa shangazi. Hatutafuti kilichomo katika kila seli. Tunatafuta mabaki ya DNA yaliyotupwa damuni na seli za uvimbe zilizokufa, yakiwa yamechanganyika na mabaki ya seli za mwili mzima, na hayakai: ndani ya saa chache mengi yameshasafishwa. Mililita moja ya plazma, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli, mara nyingi ina nanogramu chache tu za mabaki yote kwa jumla. Tuseme nanogramu tano: nakala 1,500. Tone la kidoleni, likishachujwa, litatoa nakala kama 40 hivi. Kama T790M ni moja kwa elfu, matone mengi ya mtu huyo hayana hata moja. Hilo haliponywi na ustadi wowote wa chipu. Unaweza kutengeneza kisomaji kisichokosea kamwe, bado hakiwezi kusoma kisichochotwa.

Na uvimbe mwingine hautupi karibu chochote damuni, hata uchote debe.

Bado naipenda kazi hii. Naipenda zaidi, kwa kweli, tangu nilipoona mipaka yake imechorwa kwa mstari safi namna hii. Vifaa vichache sana vinakuwezesha kuhesabu kiasi cha kutojua kwako. Kosa langu lilikuwa kwenye neno.

## Pa, ku, mu

Shuleni tulikaririshwa viambishi vya mahali. *Pa* ni mahali dhahiri, *ku* ni mahali pasipo mipaka, *mu* ni ndani. Hayupo, hayuko, hayumo. Hapana, hakuna, hamna. Mtaani tunayachanganya bila madhara, "hamna shida" na "hakuna shida" ni kitu kimoja.

Katika maabara si kitu kimoja.

Chipu inapomaliza kusoma vitone vyake 15,000, inachoweza kutamka ni *hamna*. Humu ndani, katika maikrolita hizi 12.75, hamna. Haijui lolote kuhusu maikrolita zilizobaki kwenye mrija, wala kuhusu damu iliyobaki mkononi, wala kuhusu uvimbe uliokaa kimya kifuani. Mimi nilichukua *hamna* ya kifaa nikampelekea shangazi kama *hakuna*. Nilibadilisha silabi moja, na silabi hiyo ikavuka kutoka kijichupani hadi mwili mzima wa mtu.

Waandishi wa ile karatasi walikuwa waangalifu kuliko mimi. "Haijagunduliwa", waliandika. Ndani ya *-ja-* umo mlango uliobaki wazi. Mimi ndiye niliyeusukuma ukafunga, kwa kutaka kumrahisishia.

## Simu

Nilimpigia juzi jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nilimwambia nimekosea. Nilimweleza kuhusu ziwa na ndoo, nikarukaruka, nikarudi nyuma, nikamtajia vitone 37 ambavyo havikuwa na maana yoyote kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa mdogo.

Kisha akauliza, "Damu walichukua kiasi gani?"

"Mirija miwili. Mililita 20."

"Na mwilini mna ngapi?"

"Lita tano hivi."

Akanyamaza. Nilisikia anahesabu kwa kunong'ona, alikuwa mwalimu wa darasa la nne miaka mingi. Sehemu moja katika 250. Nilitaka kuongeza kwamba hata sehemu hiyo haikusomwa yote, na kwamba sindano ya kifuani nayo ina hatari zake, na inaweza ikakosa vilevile, kwa sababu uvimbe haufanani kila upande. Niliyasema yote mawili. Nilishaapa kutomrahisishia tena.

"Kwa hiyo huniambii ipo," akasema.

"Siwezi kukuambia ipo."

"Unaniambia hawajafika inapoweza kuwepo."

"Ndiyo, shangazi."

Sasa kila ripoti inayotoka mezani kwangu ina mstari mmoja zaidi chini ya jibu: ujazo uliosomwa, kati ya ujazo uliochukuliwa. Na shangazi amepiga simu leo asubuhi. Tunakwenda Alhamisi, saa mbili.